Nane ya Nini?

Mama mkwe wangu alinipachika jina la Cherehani mara tu nilipoingia nyumbani kwake, na wala hakumaanisha kazi yangu ya ushonaji. "Huyu akianza hakati uzi," aliwaambia majirani. Nami nilimjibu kwamba cherehani hailii yenyewe, atazame kwanza ni mguu wa nani unaoikanyaga. Ndivyo tulivyoishi, asubuhi mpaka jioni, mimi mezani na sare za shule, yeye kwenye kiti chake karibu na mlango akifumua mishono niliyokosea na kunieleza nimeikosea vipi. Asiyetujua alidhani tunachukiana. Nampenda yule mama kuliko nilivyowahi kumwambia, na jambo hilo linaniudhi mpaka leo.

Mume wangu, mwanawe wa pekee, ni fundi wa tairi za malori. Barabara nzima inamjua kwa jina la Fundi Upepo. Banda lake ni nguzo nne na paa la bati, kompresa inayokohoa, na geji kubwa yenye maduara mawili ya namba. Duara la nje linahesabu kwa paundi, la ndani kwa baa. Ni kama utepe wangu wa kupimia: upande huu inchi, upande ule sentimita, na kiuno ni kilekile. Paundi mia moja na kumi na sita ndizo baa nane, upepo uleule, na mume wangu anaweza kukutoa duara moja kukupeleka jingine huku anatafuna, bila hata kukutazama.

Paa la banda lina tundu. Zamani mwalimu wake alikuwa akijaza tairi la lori dogo, lililotakiwa lifike themanini za nje, ambazo madereva hufupisha wakasema nane. Akawa anapiga soga na mtu, macho yakaangukia duara la ndani, akangoja sindano ifike nane. Ringi ya rimu, chuma kinachoshikilia tairi, ilichomoka, ikamkosa kichwa kwa unene wa kofia, ikatoboa bati na kwenda zake. Tangu siku hiyo banda lile lina sheria moja. Dereva akisema, "Nijazie nane," mume wangu anaweka mpira wa upepo chini na kuuliza, "Nane ya nini?" Hata dereva akiwa ni yuleyule wa kila wiki. Wenzake humtania kwamba siku ya harusi alipopongezwa kwa kupata mke mmoja, aliuliza, "Mmoja wa nini?"

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyeletewa ile mashine.

Aliileta dereva wa masafa marefu ambaye mume wangu aliwahi kumsaidia njiani alipopasukiwa na tairi. Ilikuwa mashine ya kupimia presha, ndogo, ya betri, ndani ya boksi lenye maandishi ambayo nyumbani kwetu hakuna aliyeweza kuyasoma. Unavaa mkanda mkononi, unabonyeza, mkanda unavimba wenyewe, unalegea, kisha namba zinatokea kwenye kioo. Mama alikuwa na presha ya miaka mingi. Kliniki ilimpa kidonge kimoja kila asubuhi, na kila alipokwenda kupimwa alirudi anajisifu kwa mia na ishirini na kitu zake. Mume wangu alifurahi sana. Sasa mama atapimwa nyumbani kila siku, alisema, hakuna kupanga foleni.

Alimvalisha mkanda taratibu, kama anavyoshika kitu cha watu. Mashine ikanguruma, ikatulia.

"Ngapi?" Mama akauliza.

Mume wangu aliinamia kioo. Namba zilikuwa moja, sita, nne. Kabla ya ile nne palikuwa na kinukta, kidogo kama alama ya nzi. Alikisugua kwa kidole gumba na hakikutoka.

"Mia sitini na nne," akasema. "Chini mia na saba."

Tulitazamana. Mama ndiye aliyecheka. "Nilijua. Ni huyu Cherehani. Nipeleke nikakae kwa mtu mwingine uone kama haishuki."

Ili kuondoa hofu tukapimana wote. Mume wangu, mtu anayenyanyua tairi la lori kwa mikono, alipata mia hamsini na saba. Mimi nilipata mia arobaini na tisa. Jirani aliyekuja kuazima pasi akavalishwa mkanda naye, akaondoka na mia hamsini na mbili na uso umemsawajika. "Kumbe presha inaambukiza!" Mama akapiga makofi kwa kicheko. Tulicheka sana siku hiyo. Mashine ilisema mtaa mzima ni wagonjwa, nasi badala ya kuitilia shaka mashine tukautilia shaka mtaa.

Mimi nilisema. Nalisema hili bila kujipamba, kwa kuwa kusema ndiyo kazi yangu. Nilimwambia mume wangu, "Hii kitu inaniambia hata mimi naumwa, na mimi siumwi."

"Nani asiye na presha siku hizi?" akanijibu. "Maisha yenyewe haya."

Akampigia simu daktari wa kliniki. Daktari aliuliza kama mashine ni mpya, naye akasema mpya kabisa, daktari, boksi lake hili hapa. Daktari akasema pengine mwili umeizoea dawa. Aongezewe kidonge, apimwe kila asubuhi, na namba zikiwa bado juu apigiwe tena. Sikuona kosa lake. Aliambiwa mia sitini na nne na mtu mzima mwenye akili zake, angefanya nini?

Kidonge kikaongezwa, namba zikashuka kidogo. Mume wangu akapiga simu tena, wakaongeza cha aina nyingine, cha kutoa maji mwilini. Asubuhi zikawa na utaratibu wake: chai, mkanda, mngurumo, kisha Mama na swali lake, "Ngapi?" Mume wangu alitangaza zile namba kwa sauti ya mtu anayetangaza mabao. Mia hamsini! Mia arobaini na moja! Akitoka kwenda bandani alikuwa anapiga mluzi. Baiskeli yetu ilikaa ukutani na magurudumu yote mawili bila upepo, mwaka mzima sasa, na Mama alikuwa akimwonyesha na kusema, "Mganga hajigangi." Lakini kuhusu presha alimwamini. Aliwaambia majirani kwamba mwanawe amekuwa daktari.

Nami nilikuwa nakaa naye mchana kutwa, kwa hiyo niliona asichokiona mtu wa kutoka alfajiri na kurudi jioni. Mama alianza kushika ukuta akisimama. Kwanza kwa vidole, kama mtu anayepapasa vumbi, kisha kwa kiganja chote. Mikono yake ikawa baridi. Aliniomba khanga ya kujifunika wakati mimi natoka jasho. Alikuwa akianza kunisimanga na katikati ya sentensi anasahau alikuwa anaelekea wapi, ananitazama, anatabasamu.

Siku moja nilishona mfuko wa shati juu chini. Kosa la kitoto kabisa. Nikauweka mezani mbele yake makusudi, nikangoja. Alilichukua lile shati, akaligeuza, akalirudisha. "Zuri," akasema.

Hapo ndipo nilipoogopa. Nilikwenda jikoni nikasimama nikiwa nimeshika sufuria tupu.

Jioni nilimwambia mume wangu twende naye hospitali. Akashangaa kwelikweli. "Hospitali ya nini? Leo ni mia na ishirini na nane. Hujawahi kuona namba nzuri kama hii."

"Hajanitukana leo."

"Basi shukuru!" akacheka.

"Na ile namba ya tatu, ya chini kabisa? Zamani ilikuwa sabini, sasa imepita mia."

"Hayo mapigo ya moyo. Moyo unafanya kazi."

Nilitaka kumrushia mwiko. Lakini alikuwa na namba na mimi nilikuwa na shati lenye mfuko juu chini, na ukibishana na mtu mwenye namba unaonekana huna akili.

Kwa hiyo kesho yake nilifanya langu. Mimi ndiye niliyekuwa nampa Mama vidonge baada ya chai. Nilimpa maji tu, nikazungumza sana, naye hakukumbuka kudai. Vidonge nikavitia kwenye mfuko wa aproni yangu. Siku iliyofuata nikafanya vilevile. Na Mama akarudi. Sitii chumvi. Alikula akamaliza, akasimama bila ukuta, akaja mpaka mezani kwangu, akalishika gauni nililokuwa nalidarizi. "Hili la mteja au unamshonea adui yako?" akauliza. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, naye akaniuliza nimerogwa au nini.

Asubuhi iliyofuata mume wangu akamvalisha mkanda. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na nilikuwa na furaha.

"Ngapi?"

Aligeuka, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Mia hamsini na moja," akasema. "Ilikuwa mia na ishirini na nane. Mia hamsini na moja!" Macho yake yakashuka kwenye aproni yangu. Sijui aliona nini, labda mkono wangu ulivyoukinga ule mfuko. Akaingiza vidole, akavitoa vile vidonge, akavitandaza kiganjani.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Kumbe ndivyo," akasema. "Kikulacho ki nguoni mwako."

"Alikuwa anakufa," nikamwambia. "Hukumwona? Jana alikuwa mzima."

"Watu wenye presha hujisikia wazima, Cherehani. Ndivyo inavyoua." Hakuwahi kuniita jina hilo. Lilikuwa la mama yake.

Nikanywea. Nililelewa kuamini kwamba presha ni muuaji wa kimyakimya, na alichosema ni kweli, mtu wa presha anaweza kujisikia mzima na asubuhi akakutwa amepooza. Nikajiona nimemchezea mama wa watu roho yake. Kuanzia siku hiyo vidonge alitoa yeye mwenyewe kabla ya kwenda kazini, akasimama pale mpaka vimemezwa, na Mama akavimeza akinitazama kwa huruma, kama ni mimi niliyeugua.

Namba zikashuka tena. Mia thelathini na tatu. Mia na ishirini kwa sabini na nane. "Kama msichana!" mume wangu akatangaza. Msichana mwenyewe alikuwa amelala kwenye kiti, kidevu kifuani, midomo ina rangi ya majivu. Nilikuwa nashona nikiwa nimemgeukia yeye, siyo cherehani, na sindano ilinitoboa kidole.

Siku ya mwisho ilikuwa mia na kumi na sita. Mume wangu aliitangaza, akanywa chai yake, akatoka. Mama akasema anakwenda kujinyoosha uani, jua limepanda. Alisimama, akaushika ukuta, na mkono ukateremka nao ukutani mpaka chini. Hakulia. Alianguka kama nguo inayoteleza kwenye kamba. Nilipiga mayowe ambayo majirani waliyasikia mpaka mtaa wa pili, na jirani yule wa pasi ndiye aliyetoa gari.

Mume wangu alitukuta hospitali akiwa na grisi mpaka kwenye viwiko, na ile mashine chini ya kwapa. Alikuwa amepitia nyumbani kuichukua. Muuguzi alikuwa ameshamvalisha Mama mkanda wa pale hospitali, ule wa kujaza kwa kuminya mpira kwa mkono, na vipuli vya kusikilizia viko masikioni. Aliminya, akasikiliza, akaminya tena kana kwamba hakuyaamini masikio yake.

"Sabini kwa arobaini," akamwambia mwenzake. "Lete dripu. Haraka."

"Haiwezekani," mume wangu akasema. "Asubuhi alikuwa mia na kumi na sita. Nimempima mimi. Mashine ninayo."

Muuguzi aliichukua. Hakuwa mtu wa dharau. Dripu ilipokwisha kuwekwa alimvalisha mume wangu mwenyewe mkanda wa ile mashine, palepale juu ya grisi, akabonyeza. Ikavimba, ikanguruma, ikalegea. Mume wangu alichungulia. "Mia hamsini na saba," akasema. "Mimi ninayo pia. Nyumbani kwetu wote tunayo."

"Siyo mia hamsini na saba," muuguzi akasema. "Kuna nukta hapa. Ni kumi na tano nukta saba."

"Ya nini?" mume wangu akauliza.

Ilimtoka yenyewe, kama inavyomtoka bandani. Nikamwona akiisikia sauti yake mwenyewe. Muuguzi akamwonyesha pembe ya kioo, herufi tatu ndogo ambazo mimi sikuwahi kuziona na yeye alikuwa ameziona kila siku ya maisha yake. Zimeandikwa ubavuni mwa kila tairi la lori, zimevimba kwenye mpira, zinasomeka hata kwa kidole tairi likiwa na tope. Ni kilopaskali. Mia nane na thelathini za hizo ni paundi mia na ishirini. Hilo anaweza kukuambia usingizini.

"Sisi tunapima kwa milimita za zebaki," muuguzi akasema taratibu. "Moja ya hizi zako ni saba na nusu ya zetu. Kwa hiyo wewe ni mia na kumi na nane. Wewe ni mzima, kaka. Mashine nayo ni nzima."

Mume wangu alichuchumaa sakafuni, mgongo ukutani. Nilidhani analia, kumbe anapiga hesabu. Alikuwa anazikumbuka zote, kwa kuwa zote alizitangaza yeye. "Kumi na sita nukta nne," alinong'ona, "mara saba na nusu. Mia na ishirini na tatu." Mama alikuwa mzima siku ile ya kwanza, siku tuliyocheka. "Kumi na nne nukta moja. Mia na sita. Kumi na mbili nukta nane, tisini na sita." Alikuwa mwepesi kama siku zote, hakukosea hata moja. "Kumi na mbili. Tisini." Hiyo ndiyo ilikuwa ya msichana. Alipofika ile ya mia hamsini na moja, ya siku mbili za aproni yangu, alizidisha, akapata mia na kumi na tatu, akainua macho kunitazama. Nilikuwa nimengoja kwa hasira siku nyingi atambue kwamba nilikuwa na haki. Sikutaka tena. Ningeitupa haki ile kwenye shimo la taka nikarudishiwa mtu wangu na matusi yake.

"Ataamka?" nikamuuliza muuguzi.

"Figo na moyo vimekaa muda mrefu bila nguvu ya damu," akasema. "Tungoje."

Tukangoja, yeye upande huu wa kitanda, mimi upande ule. Dripu ilikuwa inadondoka tone kwa tone. Nilimsugua Mama miguu, ilikuwa baridi kama sakafu. Jua lilikuwa linaingia kwa dirisha, na nje watu walikuwa wanacheka jambo lao, nikawachukia.

Mama alifungua macho. Alitazama dari kwanza, kisha mkanda mkononi mwake, kisha mwanawe. Akautambua uso wa mwanawe, uso wa asubuhi baada ya chai.

"Ngapi?" akauliza.

Mume wangu alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu mzima. Angeweza kusema lolote, na sikujua nimwombe aseme nini. "Sabini, mama," akasema.

"Sabini." Aliirudia taratibu, anaionja. "Kutoka mia sitini na kitu mpaka sabini." Vidole vyake vikatafuta mkono wenye grisi, vikaushika. "Mwanangu, una mkono wewe. Si nilisema umekuwa daktari?" Kisha akageuza kichwa upande wangu, kwa shida. "Umesikia, Cherehani? Nawe ulikuwa unamficha vidonge."

Sikuwahi kukosa jibu kwa yule mama, tangu siku ya kwanza.

"Nimesikia, mama," nikasema.

Akatikisa kichwa, ameridhika, akafumba macho. Dripu ilipokwisha muuguzi alikuja kuibadilisha, akamshika mkono, akaminya ule mpira, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akavitoa vile vipuli masikioni, akaufungua mkanda, akamfunika Mama shuka mpaka usoni, na mume wangu hakumuuliza ni ngapi.